Majani Niliyochuma Siku ya Sabato

Kerubo,

Wewe na mama yako mko kanisani. Nimesema kichwa kinaniuma, naye amenitazama kama anavyonitazama kila ninaposema hivyo siku ya Sabato, akachukua Biblia yake na kuondoka. Kesho asubuhi unapanda gari pale Kisii kwenda Nairobi. Nina saa tatu hivi kabla hamjarudi na wazee wa kanisa kuja kukuombea safari, wakaanza kunywa chai na kuuliza mshahara utakuwa kiasi gani.

Habari za sweta, za kuchemsha maji, za kutomwonyesha mtu begi lako, mama yako amezimaliza. Mimi sina la kuongeza hapo. Sijui hata soksi zako ziko wapi.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Ekegusii ndiyo lugha tuliyokulea nayo, na ndiyo lugha ninayojua kujitetea kwayo. Nikikuambia mambo haya kwa Ekegusii nitaanza na methali na kuishia na mzaha, utacheka, nami nitakuwa nimeponyoka. Kiswahili nimekifundisha miaka mingi kwa watoto wa sekondari ambao wengi hawakunipenda. Hakinibembelezi.

Najua huendi kwenye mahojiano ya kazi.

Jumanne nilishuka kwenye migomba kukatia ng'ombe majani, nikasikia mtu akihutubia. Nilidhani ni redio. Nikasogea na panga mkononi, nikakuona umesimama kwenye kivuli, simu umeiinua mbele ya uso. "Tokeni nje! Msikae nyumbani mkilalamikia bei ya unga! Jazeni barabara, na atakayerudi nyuma ajue amewauza wenzake!" Mwili ulinisisimka, mwanangu. Ulikuwa unazungumza kama mimi. Hata pale unaponyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kushangilia, ulinyamaza, na waliokuwepo ni migomba tu.

Uliponiona ulishtuka, kisha ukacheka. "Tata! Tangu lini wewe unasikiliza watu?"

"Tangu walipoanza kupigia kelele migomba yangu. Hayo ndiyo mahojiano ya kazi?"

"Usimwambie mama."

"Na siku ya maandamano yenyewe, wewe utakuwa wapi?"

"Wacha wasiwasi, Tata. Mimi sishuki barabarani. Kuna chumba, ghorofa ya nne, mtandao uko sawa. Mimi ni wa kuongea tu. Wa kwenda mbele wapo."

Nilitabasamu, uliniona. Nilifurahi kweli. Nikasema moyoni, asante Mungu, mtoto ana akili. Nilipofika zizini na mzigo wa majani kichwani, furaha ile ilikuwa imeoza. Tangu Jumanne nanusa harufu yake.

Usidhani nakuandikia ili nikuambie mambo si mabaya. Mimi? Mimi niliyegombana na mchungaji juu ya sadaka, na chifu juu ya barabara, na mhariri wa gazeti aliyenikatia barua yangu katikati? Nimesoma vitabu vingi juu ya nchi zilizofilisika, vingine nimevirudia mara mbili, na sasa siongezi ya tatu kwa sababu naviona sokoni. Nenda Itumbe uone. Mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kijiko. Sukari inafungwa kwenye kikaratasi kama dawa ya mganga. Zahanati ina muuguzi, ina kitanda, ina picha ya mkubwa ukutani. Dawa ndiyo haina. Vijana wa bodaboda wamelaza pikipiki zao wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Yule mwenye duka la mabati na misumari anahamisha bidhaa zake polepole, gari moja kila Jumapili, na ukimuuliza anasema anapaka duka rangi. Hakuna mtu anayepaka rangi miezi mitatu. Mfanyabiashara akianza kuondoka kimyakimya, ujue amekwisha kusoma ukurasa ambao sisi hatujaufikia.

Nchi hii imekopa kwa niaba yetu, ikala kwa niaba yetu, na sasa inatuita tuje kulipa. Wanatuambia tukaze mikanda, na wao wamevaa suruali za mpira kiunoni. Hayo yote unayosema kwenye simu ni kweli. Ningeyasema mimi ningeyasema vibaya zaidi.

Tatizo langu si maneno yako. Ni ile ghorofa ya nne. Nami nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama yako analijua bila kuambiwa. Nyaboke alilijua kwa macho yake.

Unamkumbuka Nyaboke, mjane aliyekuwa na shamba lililopakana na letu upande wa mashariki. Ukiwa mdogo ulikuwa ukikimbilia kwake kila nilipokukemea. Wewe unajua kwamba alikodisha shamba akahama. Hujui kwa nini.

Miaka minne iliyopita, ulipokuwa unamalizia chuo cha ualimu, bonasi ya chai, yale malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwandani, ilikuja ndogo mpaka watu wakadhani ni makosa ya karani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa haya tuliyo nayo leo, ila hatukujua jina lake. Maghala yamejaa chai isiyouzika, tukaambiwa. Shilingi imeanguka, tukaambiwa, na mbolea imepanda kwa sababu shilingi imeanguka. Na chai inauzwa nje kwa fedha ya nje, nikauliza, sasa shilingi ikianguka si tungepata zaidi? Karani akafunga daftari lake. Basi nikapanda juu ya benchi la mizani pale kituo cha kuuzia majani, mbele ya wakulima wote wa kilima chetu, nikasema tusichume.

Lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Kiwanda bila majani ni ghala la mabati. "Wiki nne tu!" nikapaza sauti. "Wiki nne, na watatufuata hapa wamebeba viatu mkononi!"

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kikapu chake akainua mkono. "Mwalimu, wewe una mshahara wa serikali. Sisi wiki nne tutakula hotuba?"

Nikamjibu papo hapo, "Mzee, kula majani. Mbona umeyabeba mgongoni miaka yote, hujayaonja?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mizani wasianguke. Yule mzee naye akacheka, kwani angefanya nini? Nilijiona mkubwa siku ile. Mwanangu, ukiona umemshinda mtu aliyeuliza swali la kweli, na watu wanacheka, ogopa.

Ili mtu asije akateleza, nilitoa pendekezo. Kila nyumba ilete kikapu chake cha kuchumia, vyote vifungiwe kwenye stoo ya kanisa, ufunguo akae nao mzee wa kanisa. Asiye na kikapu atachumia wapi? Watu wakavileta vikiwa vimepangana kichwani kama siku ya harambee, huku wanaimba. Mimi nilikuwa wa kwanza kuingiza changu. Nyaboke alikuwa wa pili. Alikiweka chini, akakipangusa vumbi kwa kanga, akaniambia, "Mwalimu, mimi sijui siasa. Najua wewe husemi jambo ambalo hutalifanya."

Wiki ya pili mshahara wangu haukuingia. Hawakunifukuza, ulichelewa tu, kama ilivyochelewa ya walimu wengi mwaka ule, na hakuna aliyesema lini. Na chuo chako kikatuma ujumbe kwamba asiyemaliza karo hafanyi mtihani wa mwisho.

Unajua jinsi kilima hiki kinavyokuwa asubuhi ya Sabato. Hakuna moshi, hakuna jembe, hakuna mtu mashambani. Ukikohoa unasikika ng'ambo ya mto. Hata sasa ninavyoandika kiko hivyo hivyo. Asubuhi ya Sabato ndiyo saa pekee katika juma zima ambapo mtu anaweza kuchuma chai kwenye kilima hiki bila kuonwa, kwa kuwa kila jicho liko kanisani. Ni mtu wa hapa tu anayeweza kufikiria dhambi hiyo. Mgeni hangejua hata kwamba mlango huo upo.

Nikasema kichwa kinaniuma. Nikatwaa shuka la kitanda chetu, nikashuka kwenye kile kipande cha chini kando ya kijito, kinachofichwa na migomba, nikachuma. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, huku nikisikia kwaya yao juu kule ikiimba. Kisha nikafunga shuka, nikapita njia ya kijito mpaka kwenye kona ya barabara ambapo pikapu za soko huru zilikuwa zinangoja. Unazijua: wale wanunuzi wa kando wanaolipa taslimu bila kuandika jina. Nilikuwa nimewatukana wiki mbili kabla, juu ya benchi. Dereva alinitambua. Akapima, akalipa, akasema, "Mwalimu, mgomo unaendeleaje?"

Sabato tatu, Kerubo. Mtihani wako wa mwisho uliufanya kwa majani hayo. Cheti ulichokifunga kwenye bahasha ya kaki kimetoka hapo. Sikuambii ili kikuchome. Nakuambia kwa sababu kwa miaka minne nimekuacha useme mbele ya watu kwamba baba yako hajawahi kusema neno asilolitimiza.

Utomvu wa chai unaganda vidoleni mweusi, hautoki kwa sabuni. Mama yako alirudi kutoka kanisani Sabato ya kwanza, akaiona mikono yangu, akaenda jikoni akaleta limau lililokatwa katikati na kuliweka mezani mbele yangu. Jumatatu yake Nyaboke alinisimamisha njiani.

"Mwalimu, mikono imekuwaje?"

"Wino," nikasema. "Nilikuwa narekebisha mashine ya kuchapia mitihani."

"Pole. Nyinyi wenye kalamu mna kazi."

Wiki nne zikapita. Hakuna aliyetufuata na viatu mkononi. Waliokaa ofisini walijua kitu ambacho mimi, pamoja na vitabu vyangu vyote, sikukiweka katika hesabu: chai haingoji. Usipoichuma inainuka, inakuwa ngumu, na mwishowe dawa yake ni kuipogoa yote na kungoja miezi ichipuke upya. Sisi ndio tuliokuwa tunagoma, lakini saa ilikuwa mkononi mwao. Wiki ya tano watu wakaanza kwenda kwa mzee wa kanisa kimyakimya kuomba vikapu vyao. Wiki ya sita stoo ilibaki na vikapu viwili, changu na cha Nyaboke. Watu walimwambia, "Mama, chukua kikapu, mambo yamekwisha." Akawajibu, "Mwalimu hajachukua."

Ningeweza kwenda kuchukua changu siku ile. Nilikuwa nangoja aanze yeye, ili isije ikasemwa kwamba mimi ndiye niliyevunja. Nilikaa siku tisa nikimngoja mjane ashindwe kabla yangu.

Siku ya kumi ndama wake alikata kamba, akakimbilia kijitoni. Alimfuata. Nilikuwa kizingitini nasahihisha madaftari nilipomwona akipanda kutoka kwenye migomba yetu, anamvuta ndama, polepole. Akasimama pale uani.

"Mwalimu, chai yako ya chini imekaa meza nzuri."

Meza, unajua, ni ule usawa wa juu wa michai inayochumwa vizuri. Ya kwake wakati ule ilikuwa imempita kiuno. Na mimi, mtu wa maneno, mtu wa kuangusha wazee kwa jibu moja, nikasema, "Ni mbuzi wale. Wanaingia kule."

Akauliza, "Mbuzi gani huyo anayechagua majani mawili na kichipukizi?"

Kisha akacheka. Hakuwa na hasira, ningalifurahi kama angekuwa nayo. Alicheka kama mtu anayemcheka mtoto aliyekojoa kitandani na kusema ni mvua. Akaenda na ndama wake. Kesho yake alichukua kikapu, akapogoa shamba lote peke yake, na kwa kuwa hakuwa na cha kula wakati wa kungoja, akalikodisha kwa mtu aliyeng'oa chai na kupanda mikaratusi. Yeye akaenda Kericho kuchuma chai ya mashamba makubwa. Mwanamke aliyekuwa na michai yake mwenyewe! Siku ya kuondoka alipita kutuaga. Alimshika mama yako mkono kwa muda mrefu, na mimi akaniambia, "Baki salama, Mwalimu. Kaza hivyo hivyo." Hakumwambia mtu yeyote. Mpaka leo kilima kizima kinajua kwamba tuliokaza mpaka mwisho tulikuwa wawili, mimi na Nyaboke. Wananisalimu kwa hilo. Na ile mikaratusi yake, unaiona, imekunywa kijito mpaka kimebaki uzi.

Sasa unaelewa kwa nini ghorofa ya nne imeninyima usingizi.

Utaniambia si sawa. Utasema wewe huibi, hujifichi, kila mtu anajua kwamba uko kwenye simu. Na mimi nakuuliza: yule kijana atakayekusikia ukisema atakayerudi nyuma amewauza wenzake, atajua kwamba wewe hujaenda mbele? Atakuwa amesimama kwenye moshi wa mabomu ya machozi, macho hayaoni, na sauti yako sikioni inamwambia asirudi. Huko chini risasi haitauliza nani alisema vizuri. Wewe utakuwa unaona yote kwenye kioo kidogo, na chai yako iko mezani. Atakapoanguka utaumia kweli, utalia kweli, na kesho yake utaongea vizuri kuliko jana. Hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi, kwamba utaongea vizuri zaidi. Mimi baada ya Nyaboke kuondoka nilitoa hotuba nzuri kuliko zote.

Na hata hicho chumba sikiamini. Jana naibu wa chifu alipita hapa. Anajua mimi simpendi, kwa hiyo hakukaa. Aliuliza mvua, akauliza ng'ombe, kisha akiwa amekwisha geuka akasema, "Mwalimu, yule msichana wako wa simu yupo? Kuna orodha ya vijana wasio na kazi, tumeambiwa tuikusanye." Nikamwambia umekwenda Kenyenya kwa shangazi yako. Akasema, "Sawa, sawa. Ana sauti nzuri sana." Serikali haijawahi kukusanya majina ya wasio na kazi hapa kwetu tangu nizaliwe, na hiyo ya kwanza imeanza na wale wanaosikika.

Basi nikuambie nini? Kama baba, nataka ukae ndani ya kile chumba, ufunge dirisha, uzime simu. Ukinyamaza na kutafuta kazi kama watu wengine sitakudharau hata siku moja, na atakayekudharau nitapambana naye mimi. Njia hiyo ni safi. Na ile ya kuwaita watu kisha ukashuka ngazi zote ukasimame nao, nayo ni safi, Mungu anisamehe kwa kuiandika. Ya katikati ndiyo yangu, ya kuita na kubaki juu. Nimekaa ndani yake miaka minne. Haiui mtu. Unaamka kila siku, unapiga mswaki, watu wanakusalimu kwa heshima.

Nilipoandika mstari huo nilitoka nje, nikasimama uani. Nimekwisha kuona ninachokufanyia. Baba wengine huwafundisha watoto wao kujificha, na pengine hao ndio wanaozikwa na watoto wao, kama inavyotakiwa. Mimi, ili nikuokoe na aibu yangu, nakusukuma kwenye barabara yenye bunduki. Nimeishika barua hii juu ya jiko mara mbili. Lakini nikiichoma nitakuwa nimekuacha uingie kwenye chumba kile kwa kutojua, nami nitakuwa najua, na hiyo itakuwa Sabato ya nne.

Nimeirudisha mezani. Nitaitia chini ya bahasha ya vyeti vyako, utaikuta ukiwa njiani.

Uamuzi ni wako, umekwisha kuwa mtu mzima na mimi sina mdomo wa kukuamulia. Ukichagua kunyamaza, nipigie simu useme kazi bado haijapatikana, nitaelewa na nitalala. Ukichagua kushuka ngazi, usinipigie kuniaga. Nitumie tu jina la barabara, upande utakaosimama, na rangi ya nguo utakayovaa. Mama yako nitamweleza mimi mwenyewe, yote, kuanzia lile limau. Kisha nitapanda gari la usiku nije nisimame hapo pembeni yako. Na nikifika nisikukute, nitajua pa kuanzia kuuliza.

Tata